LAZARO ANA JINA

Jumapili ya 26 ya Mwaka C
Injili: Luka 16:19-31



Popote mlipo asubuhi hii ya Jumapili, iwe nyumbani mkijiandaa kwenda kusali, iwe kitandani hospitalini, iwe safarini, tunawasalimu kutoka Buhembe, hapa Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria. Leo tunataka kuwasimulia habari za safari yetu moja ya kutembelea makumbusho. Pengine mtajiuliza makumbusho yana uhusiano gani na Injili ya leo, ile ya tajiri na maskini Lazaro. Tunawaomba mtuvumilie kidogo. Tutafika.

Vijana wa jumuiya zetu walialikwa Nairobi kukutana na vijana wenzao. Tulifuatana nao kwa basi, watu kumi na tisa kwa jumla, tukapitia Mutukula, Masaka na Kampala. Mkutano ulipokwisha ikabaki siku moja ya mapumziko, na wenyeji wetu wakatuuliza tungependa kuona nini. Wengine walitaka kuona wanyama, wengine walitaka kuona maduka makubwa. Kijana mmoja, fundi baiskeli wa hapa Buhembe, akasema yeye anataka kuona treni. Wenzake wakamcheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha aibu kidogo, maana sisi watu wa Kagera wengi wetu huzaliwa na kuzeeka bila kuiona reli. Ombi lake ndilo lililokubaliwa. Tukapelekwa kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, si mbali na stesheni ya zamani ya Nairobi.

Ndugu wasikilizaji, mahali pale panastahili kuonwa. Nje, juu ya vipande vya reli zisizokwenda popote, zimesimama injini za mvuke zilizokwisha kustaafu. Kubwa kupita zote ni zile za aina ya Garratt, zilizoundwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa takriban tani 250. Fundi wetu wa baiskeli alizunguka mojawapo mara tatu, akagusa magurudumu, akainama kutazama vyuma vya chini, na uso wake uling'aa kama wa mtoto siku ya Krismasi. Injini hiyo ina namba 5918, na ubavuni imeandikwa jina lake: Mount Gelai. Gelai ni mlima wa kwetu Tanzania, kaskazini mwa nchi. Injini zote za aina ile zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Vijana wakafurahi sana. Wakasema, "Kumbe hata injini ina jina, tena jina la kwetu!"

Ndani mna picha, taa, saa, na vyombo vingi vya kazi vya enzi hizo. Tukaambiwa pia kwamba mojawapo ya injini za pale ilitumiwa katika filamu ya Out of Africa, iliyotoka mwaka 1985. Baadhi ya vijana waliwahi kuitazama filamu hiyo katika vibanda vya video, nao mara moja wakataja majina ya waigizaji wake wakuu, Meryl Streep na Robert Redford. Tukawauliza kwa utani, "Na dereva wa treni ile ni nani?" Wakacheka tu. Nani hukumbuka jina la dereva?

Kisha tukafika mbele ya behewa moja la mbao, namba 12. Mwenye kutuongoza akatusimulia habari zake. Usiku mmoja wa mwezi Juni mwaka 1900 behewa hilo lilikuwa limesimama katika stesheni ya Kima, kusini-mashariki mwa Nairobi. Ndani yake walilala Wazungu watatu waliokuja kumvizia simba aliyekuwa akila watu mahali pale. Mmoja wao, Charles Ryall, ofisa wa polisi, alikuwa katika zamu ya kukesha. Usingizi ukamzidi. Simba akaingia behewani, akamkamata, akatoka naye dirishani, akatokomea gizani.

Sote tulinyamaza. Hapo binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno, akatugeukia akauliza: "Padri, hawa watu walikuja kumvizia simba kwa sababu alikuwa amekwisha kula watu. Hao aliowala kwanza walikuwa ni akina nani?"

Tukamtazama kiongozi wetu. Akajibu kwa upole kwamba walikuwa wafanyakazi wa reli. Binti akauliza tena, "Majina yao?" Kiongozi akatikisa kichwa.

Wapenzi wasikilizaji, swali la binti huyo tulirudi nalo mpaka Buhembe. Tumelibeba hata leo, na ndilo tunaloliweka mbele yenu.

Hebu tutazame historia. Reli ile ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na kufikia mwisho wa mwaka 1901 ilikuwa imefika Kisumu, kwenye ziwa letu hili. Ili kuijenga waliletwa wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama wakali. Mwaka 1898, pale Tsavo, simba wawili walisimamisha kazi kwa kula watu. Mhandisi J. H. Patterson aliwaua mnamo mwezi Desemba mwaka huo, na mwaka 1907 akatoa kitabu juu ya mkasa ule. Humo alitaja Wahindi 28 waliouawa na simba. Na Waafrika je? Alisema kwamba walikuwa wengi, ila hakuna kumbukumbu rasmi iliyowekwa juu yao. Wataalamu wa siku hizi wanabishana juu ya idadi, wengine wakiiongeza, wengine wakiipunguza. Na simba wenyewe wako wapi? Wako Chicago, Marekani, ndani ya jumba kubwa la makumbusho, ambako wamehifadhiwa tangu miaka ya 1920. Watu hupanga foleni kuwatazama.

Basi, ndugu zangu, tafakarini. Injini ina jina. Behewa lina namba. Simba aliyekula watu amepewa nyumba na ulinzi. Lakini mtu aliyeliwa, mtu aliyeitandika reli ile kwa mikono yake, aliyeacha mama mahali fulani akimngoja, huyo hana hata herufi moja. Hatusemi haya ili kumdharau marehemu Ryall. Naye alikuwa mtoto wa mtu, na mama yake alimlilia. Wala hatuwalaumu wenye makumbusho, kwani wao hawawezi kuonyesha kile ambacho watangulizi hawakukiweka. Tunasema tu kwamba hii ndiyo desturi ya dunia. Dunia huandika jina la mkubwa, na ya mdogo huyaacha yapotee na upepo.

Sasa tumeifikia Injili. Sikilizeni tena jinsi Bwana wetu Yesu Kristo alivyousimulia mfano huu. Kulikuwa na tajiri aliyevaa nguo za fahari na kula karamu kila siku. Mlangoni pake alilala maskini mwenye vidonda, akitamani makombo. Je, tajiri aliitwa nani? Yesu hasemi. Na maskini aliitwa nani? Lazaro. Katika mifano yote aliyoisimulia Yesu, ile ya mpanzi, ya mwana mpotevu, ya Msamaria mwema, huyu ndiye mtu pekee wa mfano aliyepewa jina. Na jina lenyewe lina maana ya "Mungu husaidia".

Mnaona, wapenzi wasikilizaji, jinsi Yesu alivyoigeuza desturi ya dunia? Kama mtaa ule wa tajiri ungejengewa makumbusho, ni nani ambaye angewekwa ndani ya kioo? Bila shaka joho la zambarau la tajiri, kiti chake, sahani zake za karamu, na chini yake jina lake kwa herufi kubwa. Lazaro asingekuwemo. Pengine wangehifadhiwa hata wale mbwa kabla yake. Lakini katika kumbukumbu za Mungu mambo ni kinyume. Tajiri amebaki "mtu mmoja", na maskini ameandikwa kwa jina.

Liko jambo jingine ambalo wengi hatulitazami. Yule tajiri alipokuwa katika mateso alimwomba Abrahamu amtume Lazaro achovye ncha ya kidole majini. Alimtaja kwa jina! Kumbe alimfahamu. Miaka yote ile alipompita pale mlangoni alijua kwamba huyu ni Lazaro, wala hakumwita hata siku moja. Alilikumbuka jina lake pale tu alipohitaji kumtuma. Hilo, ndugu zangu, ndilo linalotisha katika mfano huu. Hatusomi kwamba tajiri alimpiga Lazaro, wala kwamba alimfukuza mlangoni. Kosa lake ni kwamba alimzoea. Alimfanya kuwa sehemu ya mlango.

Labda mtu atasema: hayo ni mambo ya zamani, ya wakoloni na reli yao. La hasha. Tutazame ziwa letu.

Reli ile ilipofika Kisumu ilibadilisha maisha ya Bukoba. Meli zikaanza kuzunguka ziwa. Ile ndogo iliyoitwa William Mackinnon ililetwa kutoka Skotlandi ikiwa vipande vipande, navyo vikabebwa na wapagazi mpaka ziwani. Iliunganishwa na kuingizwa majini Kisumu mwaka 1900. Mtaona kwamba jina la meli tunalo, lakini majina ya wapagazi hatunayo. Baada yake zilikuja nyingine kubwa zaidi, na kahawa ya mababu zetu ikavuka maji hadi Kisumu, ikapanda treni hadi Mombasa, ikaenda Ulaya. Tangu hapo ziwa likawa barabara yetu kuu. Kwa meli tumekwenda shule, tumekwenda hospitali, tumepeleka ndizi sokoni Mwanza, tumekwenda kuoa na kuzika.

Wasikilizaji wetu wa Kagera na Mwanza mnajua tunakokwenda. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei mwaka 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba jioni na kupitia Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa inakaribia Mwanza. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Inakadiriwa kwamba waliokufa ni zaidi ya 800. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwapo, ikiwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Wasikilizaji, rudieni hayo moyoni mwenu: daraja la tatu halikuwa na orodha. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, Mwanza, na wengi wengine wamebaki ziwani na meli yao.

Yuko mama mmoja mzee hapa kwetu ambaye mwanawe alikuwa amekwenda Kemondo kupanda meli ile. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, akienda Mwanza kutafuta kibarua, na tiketi yake ilikuwa ya daraja la tatu. Ndugu walikwenda kuuliza, wakaambiwa jina lake halimo. Mama huyo alituambia maneno ambayo hatutayasahau. Alisema: "Padri waitu, kukosa kaburi la mwanangu nimekwisha kuvumilia. Lakini kuambiwa kwamba hakuwemo! Kama hakuwemo, mbona hajarudi?"

Kila mwaka siku hiyo ikifika, mama huyo hutuletea nia ya Misa. Hutuandikia jina la mwanawe katika kipande cha karatasi, majina yote matatu, kwa herufi za kujikaza, na hukaa benchi la mbele kuhakikisha kwamba tumelisoma lote. Mwaka mmoja tuliruka jina la katikati. Baada ya Misa alikuja sakristia akasema, "Padri, hamkummaliza." Tukarudi altareni tukalisoma upya, tukiwa naye peke yake.

Baada ya safari ya Nairobi tukaona tusiishie kwenye makumbusho ya wengine. Jumamosi moja tulikwenda na vijana wale wale mpaka Katuruka, huko Maruku, si mbali sana na mji wa Bukoba. Wengi wao hawakujua kwamba nyumbani kwao wenyewe pana historia ya viwanda iliyotangulia reli kwa karne nyingi.

Pale Katuruka palikuwa na makao ya Mfalme Rugomora Mahe wa Kyamutwara, aliyetawala katika karne ya 17. Wazee husimulia kwamba mfalme huyo aliwaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, nao mnara ukaporomoka. Mkristo akisikia hayo hukumbuka mara moja habari za Babeli. Mahali penyewe, chini ya mti mkubwa, pakaitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Tangu mwaka 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, alizifuata simulizi za wazee, akachimba pale Kaiija, akakuta chini ya ardhi mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Hadithi ya wazee haikuwa ndoto. Ardhi iliithibitisha.

Ikafuata ajabu nyingine. Uyeyushaji wa chuma katika Buhaya ulikuwa umekoma zamani, kwa sababu majembe na vyuma vya kutoka Ulaya vilikuwa vya bei nafuu. Lakini walikuwapo wazee waliofanya kazi hiyo katika ujana wao. Mwaka 1976 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliwaomba waijenge tena tanuru. Wazee wakachimba shimo, wakalijaza nyasi na matete ya bwawani yaliyochomwa, wakajenga ukuta wa tanuru kwa udongo wa kichuguu na masalio ya chuma cha zamani, wakaingiza mirija ya udongo mpaka ndani kabisa ya moto, wakaketi kwenye mivukuto na kuvukuta kwa zamu, saa baada ya saa. Chuma kikapatikana. Mwaka 1978 habari hizo zikachapishwa katika jarida la Science la Marekani, na wasomi wakashangaa kusikia ufundi waliokuwa nao Wahaya. Wataalamu hao wawili hawakuwanyima wazee heshima yao, walieleza wazi kwamba kazi ilikuwa ya wahunzi wa Kihaya. Lakini juu ya makala yenyewe pana majina mawili, na yote ni ya wageni.

Vijana wetu walipoonyeshwa mahali pale, pamoja na nyumba ya mfalme ambayo wanakijiji waliijenga upya kwa jitihada zao, yule binti wa kidato cha pili akatutazama. Hakuwa na haja ya kuuliza. Jina la mfalme tunalo. Majina ya waliovukuta?

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatuchorea picha ya mhunzi. Kinamwonyesha ameketi kando ya fuawe, joto la moto likimkausha mwili, sauti ya nyundo ikijaa masikioni mwake, naye bado anakesha ili kazi yake ipendeze. Mwandishi huyo mtakatifu anakiri kwamba watu wa namna hiyo hawaitwi katika mabaraza ya wakubwa. Lakini anaongeza kwamba bila wao mji haukaliki. Neno la Mungu lilikuwa limemwona mhunzi wa Katuruka kabla ya jarida lolote.

Mpaka hapo, wapenzi wasikilizaji, tungeweza kumaliza mahubiri yetu kwa kuwalaumu wakoloni, wenye meli na wasomi, kisha tukaenda kula chakula cha mchana kwa amani. Lakini Injili hairuhusu hivyo. Inatuuliza sisi: mlangoni pako amelala nani?

Jioni ile tulifungua daftari la ujenzi wa kanisa la kigango kimoja tulichokihudumia zamani. Lilikuwa daftari letu sisi wenyewe, kwa mwandiko wetu. Tukasoma. Mtu aliyetoa mabati ameandikwa kwa jina na cheo chake. Waliotoa mifuko ya saruji wameandikwa mmoja mmoja, hata aliyetoa mfuko mmoja. Kisha tukakuta mstari huu: "Vibarua tisa, siku kumi na mbili." Chini yake: "Akina mama, kusomba maji na mchanga." Basi. Na ukutani, karibu na mlango wa kanisa lile, liko jiwe lenye jina la aliyeweka msingi na jina la aliyebariki. Watu tisa walisimamisha ukuta kwa siku kumi na mbili, na sisi, tunaohubiri kila Pasaka juu ya Mchungaji Mwema anayewaita kondoo wake kwa majina, tuliwaandika kwa tarakimu. Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Tuliona haya, wala hatuoni sababu ya kuwaficha. Tukarudi kigangoni. Tukakaa na wazee Jumapili tatu mfululizo baada ya ibada, tukauliza, tukabishana, tukacheka. Katika vibarua tisa tumepata majina saba. Akina mama wamefika zaidi ya thelathini, na bado kila wiki mmoja hukumbuka mwenzake. Tumeyaandika yote katika daftari, kwa wino, na Jumapili moja tukayasoma kanisani. Mmoja wa wale saba amekwisha kufariki. Mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye familia, alikuwa kanisani siku hiyo. Alikuja baadaye akasimama mbele ya ukuta, akauwekea kiganja. Akasema, "Nimesali hapa tangu utoto wangu. Sikujua kwamba huu ni ukuta wa baba."

Haya si mageni katika Maandiko. Someni sura ya 3 ya kitabu cha Nehemia. Wengi huiruka kwa sababu imejaa majina magumu. Ni orodha ya watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, fulani kipande hiki, fulani kipande kile. Wamo makuhani, wamo wafua dhahabu na watengeneza manukato, wamo hata mabinti waliojenga pamoja na baba yao. Wameandikwa pia wakubwa wa mji mmoja waliokataa kuinamisha shingo zao kufanya kazi. Roho Mtakatifu aliona vema orodha ya vibarua iwe sehemu ya Neno la Mungu.

Sasa tufanye nini? Tunawaachia mambo matatu.

La kwanza ni juu ya safari. Wewe msafiri, usikubali kupanda chombo bila jina lako kuandikwa, wala usipande chombo kilichokwisha kujaa. Na wewe mwenye chombo, au unayesimamia abiria, kila jina uandikalo ni amana ya Mungu na ya mama fulani. Baada ya MV Bukoba tulisema haitatokea tena. Lakini tarehe 20 Septemba mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilichokuwa na uwezo wa watu 101 kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Kujaza chombo kupita kiasi ni dhambi, hata kama ni desturi.

La pili ni juu ya wale wanaotutumikia. Yule msichana wa kazi nyumbani kwako, kijana anayekulimia migomba, mpagazi wa gati, je, unalijua jina lake kamili? Au unalijua kama yule tajiri alivyolijua la Lazaro, kwa ajili ya kumtuma tu? Mwite kwa jina. Mlipe kwa wakati. Siku akiugua, ujue ni kwa nani utapeleka habari.

La tatu ni juu ya wazee na marehemu wetu. Mkoa wetu umepata pigo ambalo wengine hawakulipata mapema kama sisi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata tulizika wazazi vijana, na watoto wakalelewa na bibi zao. Waliozikwa walikuwa daraja linalounganisha babu na mjukuu, na pamoja nao zilizikwa habari nyingi na ufundi mwingi. Kwa hiyo, ninyi vijana, chukueni daftari. Ketini na bibi kabla jua halijatua. Andikeni jina la babu, na kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Nyumba ya kila Mkristo inaweza kuwa makumbusho madogo, hata kama haina kioo wala taa.

Na kwa yule mama wa Buhembe, na kwa wote ambao wapendwa wao hawamo katika orodha yoyote ya dunia, tunasema neno moja la faraja. Nabii Isaya anatufundisha kwamba Mungu ametuchora katika viganja vya mikono yake. Hakutumia karatasi, ambayo maji huilowanisha. Mwanao alikuwemo, mama. Alikuwemo katika meli ile, na yumo katika mkono ule.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemjua Lazaro alipolala mlangoni, wakumbuke watandika reli wa Tsavo na Kima, wahunzi wa Katuruka, wapagazi, mabaharia na wasafiri wote wa ziwa letu waliolala bila jina. Utufumbue macho tuwaone walioko milangoni petu, tuwaite kwa majina yao kabla hatujachelewa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakia Jumapili njema yenye baraka.